Maji Uliyochemsha kwa Ajili ya Wageni

Dada yangu Salome,

Siku hizi ninakunywa maji kwa kijiko. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari amesema maji yakizidi yatanizamisha nikiwa kitandani. Kwa hiyo binti yangu Neema ananipimia kikombe asubuhi na kikombe jioni, nami nayanywa taratibu kama mtu anayelamba asali. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema, "Mtu mzima na vyeti vyake, analishwa kama mtoto anayeachishwa ziwa."

Niko kwa Neema, Iringa mjini. Kitanda changu kiko dirishani, na kutwa nasikia malori yakipanda mlima kwa gia ndogo. Mengine yanatoka upande wa Mbeya na mchele, na kila nikiyasikia nakukumbuka wewe na Ubaruku yako. Mkono hauandiki tena mistari mingi. Naandika kidogo, nalala, naandika tena. Lakini akili bado ipo, na kabla nayo haijaniaga nataka kusema jambo ambalo nimeishi nalo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu.

Watu wa kijijini kwetu walikutoa kwenye jiko la shule wakisema umewalisha watoto ugonjwa. Hukuwalisha ugonjwa. Mimi ndiye niliyewanywesha. Wewe ulijua, na ulinyamaza kwa sababu mimi ni mdogo wako.

Nimemwambia Neema barua hii isifungwe kwenye bahasha. Asome anayetaka kusoma. Uliaibishwa mbele ya watu, kwenye viwanja vya shule, mchana kweupe. Siwezi kuja kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Unakumbuka ile chemchemi tulipokuwa wadogo? Uliacha shule darasa la pili ili unilee, na wakati wa mvua ulinibeba mgongoni kuvuka kijito nisifike darasani na kaptula iliyolowa. Tukirudi, tulipita chemchemini. Ulifunua majani ya pembeni, ukazamisha kata, ukaitazama kwanza mwangani, ndipo ukanipa. "Kunywa, mdogo wangu, kabla ng'ombe hawajashuka." Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale, na huenda ndiyo sababu sikutaka kamwe kuamini kwamba yamebadilika.

Maana yalibadilika. Niliporudi pale nikiwa mwalimu mkuu, bonde lote juu ya chemchemi lilikuwa limejaa vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Mboga, mahindi ya kuchoma, nyanya za kupeleka Ilula barabarani. Watu walishinda huko kutwa, na kila mtu anajua mtu anayeshinda kinyunguni anajisaidia wapi. Samadi ya nguruwe ililundikwa pale pale. Mvua ikinyesha, yote hayo yalishuka.

Kwa hiyo wakati ule shule ilikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alikuja na ukuni wa kuchemshia maji ya kunywa, nawe ulikuwa mpishi wetu. Wewe na ile sufuria kubwa, na moshi, na mwiko mrefu kama kasia. Uliwapokea watoto kuni zao na matani juu. "Wewe, huu ni ukuni au ni kijiti cha kuchokolea meno? Mwambie baba yako asiogope shoka." Na kale katoto, Faraja, wa darasa la tatu, kalikuwa kanabeba gogo kubwa kuliko kenyewe ili ukape ukoko wa uji. Ulikuwa unamkemea kwa kubeba mzigo mzito, halafu unamkwangulia ukoko wote, na wenzake wananuna.

Halafu ukaja ule mradi wa maji. Niliuhangaikia mimi. Niliandika barua, nikazunguka maofisini, nikakaa kwenye mabenchi ya watu, hadi tukapata mabomba na tangi jeusi la plastiki. Maji yakashuka yenyewe kutoka chemchemini hadi uwanjani kwa shule, na koki ikawekwa. Siku ya kwanza wazee walikuja kuifungua na kuifunga kama watoto. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, ungekuwa umezaliwa zamani tungekupa uchifu." Nilicheka, lakini neno lile liliniingia mwilini kama ulanzi, pombe ya mianzi, uliokolea.

Ikabaki kupimwa. Tuliambiwa mtu wa maabara atakuja kutoka mjini kuchukua sampuli, na maji yakionekana salama tutapewa cheti.

Dada, unajua vizuri shule zetu zinavyopokea wageni. Mkaguzi akija, mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Darasa lenye madirisha mabovu linafungwa, watoto wake wanasongamana kwenye lenye vioo. Vyoo vinamwagiwa maji na majivu. Walimu wanavaa nguo za kanisani. Hakuna anayeona kwamba anadanganya; tunaita kujiandaa, na shule isiyojiandaa inaonekana haina adabu. Nilikulia katika mtindo huo na nikaufundisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba mgeni anakuja kuyaona maji, nikayaandaa maji.

Nilikuja jikoni jioni, watoto wameshaondoka. Nikakuomba uchemshe maji mengi, sufuria baada ya sufuria, tuyaache yapoe.

Ukaniuliza, "Ya nini yote hayo? Unataka kuwaogesha wageni?"

Nikakueleza. Tutafunga bomba linalotoka chemchemini, tutalisafisha tangi, tutamimina maji yaliyochemshwa mpaka yapite kidogo usawa wa koki. Wakiondoka tutafungulia kama kawaida.

Uliacha kukoroga. "Sasa mdogo wangu, hapo watakuwa wamepima nini?"

"Watapima maji ya shule."

"Watapima sufuria yangu."

Tukacheka wote wawili. Kicheko kile nimekirudia kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusimama na kusema basi, tuache. Mahali hapo palikuwepo. Lakini nilikwambia, "Dada, nisaidie, nisiaibike," na hukuwahi kuninyima kitu nilichokuomba kwa maneno hayo.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni mlingoti wa bendera. Ulikuwa bado unamimina sufuria za mwisho tuliposikia pikipiki ikipanda. Yule binti wa maabara alikuwa na kiboksi cha barafu begani na chupa zake zimefungwa vizuri. Aliunguza mdomo wa koki kwa moto, akaacha maji yatiririke kidogo, akakinga. Akashituka.

"Mwalimu, maji yenu yana uvuguvugu."

Nikasema, "Tangi ni jeusi. Linapigwa na jua."

Akatazama huku na huku kwenye ukungu ule, amejikunyata ndani ya koti. "Jua la wapi, Mwalimu?"

Walimu wakacheka. Nami nikacheka. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwa jiko na mwiko mkononi, ukatazama chini.

Akaomba kuona chemchemi. Nikamwambia ni mbali na njia inateleza, na kweli ilikuwa inateleza. Akatazama barafu yake, akatazama mvua inayojikusanya, akakubali. Kisha akatoa kalamu na kuniuliza swali moja, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza jina.

"Haya ndiyo maji wanayokunywa watoto kila siku?"

Nikasema, "Ndiyo. Haya haya."

Nimefundisha sayansi. Nimesimama mbele ya watoto nikachora kijidudu ubaoni na mikia yake, nikawaeleza kwamba huwezi kukiona kwa macho. Nilijua ninasema nini. Mengine yote naweza kuyaita desturi ya kupokea wageni. Hilo "ndiyo" siwezi kulipa jina lingine.

Cheti kilikuja. Kikasema maji ya koki ya shule yako salama kwa kunywa. Nikakitia kwenye fremu, nikakitundika ofisini juu ya kiti changu, na Jumatatu nikawatangazia watoto mstarini: kuanzia leo hakuna kuni za maji. Walishangilia mpaka kofia zikaruka. Wazazi walifurahi zaidi, maana misitu ilikuwa imesogea mbali. Ulinifuata ofisini, ukafunga mlango.

"Mdogo wangu, wageni wameshaondoka. Mbona kuni umezifuta?"

"Nikiendelea kuchemsha, watu wataniuliza cheti ni cha nini."

Kisha ukasema, "Basi mimi nitachemsha kidogo, ya wadogo." Nikakukataza. Nilitumia sauti ya mwalimu mkuu, Dada. Kwako wewe uliyenibeba mgongoni.

Mvua za masika zilipokolea, watoto wakaanza kukosa shule, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Homa, tumbo, kichwa. Zahanati ikasema ni homa ya matumbo. Wengi walipelekwa hospitali wakapona. Faraja hakupona. Baba yake alimshusha mlimani kwa pikipiki, katikati yake na dereva, amefungwa kwa kitenge asianguke, na alifika hospitali akiwa amechelewa.

Kwenye msiba ulipika, kama kawaida yako. Nilikuona ukikwangua sufuria, ukasimama ghafla na ukoko mkononi, hujui umpe nani.

Kikao cha wazazi kiliitishwa pale uwanjani. Afisa wa afya alieleza namna ugonjwa unavyoenea: kwa maji, kwa chakula, kwa mikono. Baba Faraja akasimama. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

"Maji yamepimwa na wataalamu. Cheti kipo ofisini, wote tumekiona. Sasa tukishayatoa maji, kinachobaki ni nini kama siyo mikono ya mpishi?"

Mama mmoja akadakia, "Na ile sufuria anaisugulia nini? Mchanga!"

"Mimi nilishasema siku nyingi."

"Hukusema wewe, ulikuwa wa kwanza kupanga foleni ya uji!"

Afisa wa afya alisema tusubiri vipimo vyako kwanza. Hakuna aliyetaka kusubiri. Baba Faraja aliingia jikoni, akautoa ule mwiko mrefu, akautupa nje kwenye matope. Mwenyekiti wa kijiji akakugeukia. "Mama Elia, una la kusema?"

Ulinitazama. Watu wote walikuwa wanakutazama wewe, wewe ukanitazama mimi.

"Mwulizeni Mwalimu," ukasema. "Mwalimu ndiye amesoma."

Ulinipa mlango, Dada, ukaufungua kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kupita. Nikaona watu wakinigeukia, nikamwona Baba Faraja, nikafikiri: nikisema sasa, mimi ndiye niliyemuua mtoto wa mtu huyu. Nikasema, "Kamati ya shule imeona ni busara Mama Elia apumzike kwanza."

Nilikusindikiza mpaka Ilula kusubiri basi la kwenda kwa mwanao Elia, Ubaruku. Tulisimama katikati ya ndoo za nyanya, wachuuzi wakikimbilia madirisha ya mabasi. Nikakuuliza kwa nini hukusema. Ulikuwa unafunga upya kifurushi chako, hukuinua kichwa.

"Ningesema, wewe ungekwenda wapi? Mimi nina Elia. Wewe una ualimu tu."

Basi lilipofika ukapanda, ukachungulia dirishani. "Rudi, Mwalimu. Watoto wasije wakakosa uji."

Mwalimu. Mbele za watu uliniita hivyo siku zote kwa heshima, lakini tukiwa wawili nilikuwa mdogo wako. Tangu siku ile hata tukiwa wawili nilikuwa Mwalimu. "Mdogo wangu" sikulisikia tena kinywani mwako.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulijua, maana ndilo linalonichoma kuliko yote. Baada ya kuondoka, niliogopa. Nilinunua dawa ya klorini Ilula, na kila Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani na wengine wameshakaa kwenye ulanzi, nilipanda kwenye tangi peke yangu nikaitia. Sikumwambia mtu. Watoto wakaacha kuugua. Nilifikiri ninarekebisha kosa. Kumbe nilikuwa ninakupigilia msumari, maana watu walisema, "Mnaona? Ameondoka, ugonjwa nao umeondoka." Walisema mbele yangu. Wengine walinishukuru kwa ujasiri wa kumwondoa dada yangu mwenyewe. Nami nikaitikia kwa kichwa, na Jumapili nikapanda tena kwenye tangi.

Kila mavuno ulinitumia mchele. Ulitafuta lori linalokuja Iringa, ukampa utingo maelekezo, mfuko ukafika umeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilimwambia mke wangu dada ana moyo wa ukarimu. Tuliula. Mchele wa Ubaruku unanukia ukiwa bado jikoni, na mimi nilikuwa naondoka mezani nikisema nimeshiba.

Nilikuja kukuona mara moja tu. Nilikukuta kwenye kinu cha kukoboa, umekaa na wanawake wenzako mnapepeta, nyusi zimekuwa nyeupe kwa pumba. Walinichangamkia. "Kamwene, Mwalimu! Huyu ndiye yule anayesifiwa kila siku?" Kumbe ulikuwa unanisifu. Jua la kule si la kwetu. Nilifika nimekauka koo. Ukaingia ndani, ukatoka na kikombe cha bati kimefunikwa kisahani. Ukanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mwalimu. Nimechemsha."

Nikapokea. Ukaketi, ukachukua ungo wako, ukapepeta kidogo.

"Kuchemsha najua," ukasema.

Hukusema kwa ukali. Nilikunywa mpaka chini, na nilipokurudishia kikombe nilikuwa na maneno yote tayari. Halafu mmoja wa wale wanawake akauliza mahindi huko kwetu yako bei gani, nami nikamjibu.

Ulipofariki, nilisimama kaburini nikasema nilikuwa na dada mwema na mpishi hodari. Elia akanivuta pembeni baadaye. "Mjomba, mama aliondoka kwao kwa sababu gani? Nilikuwa nikimuuliza anacheka tu." Nikamwambia alitaka kuwa karibu na mwanawe. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi kwenye viatu vyangu.

Ningekufa na siri hii, Dada. Nasema ukweli. Lakini miezi michache iliyopita alikuja kuniona Rehema, yule mwanafunzi wetu mwembamba wa zamani, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu pale. Alileta nyanya na habari njema: wamepata msaada wa kuvuta bomba kutoka kwenye tangi letu hadi darasa la chekechea na zahanati. "Kazi itakuwa rahisi, Mzee, maana maji yetu yalishapimwa. Cheti chako bado kipo ukutani."

Nikamuuliza, "Dawa mnaweka?"

"Dawa gani?"

Nilipostaafu nilimwambia aliyenipokea aendelee kutia dawa, nikasema ni mazoea tu, kujihadhari. Kitu kinachoitwa mazoea tu hakidumu. Walikuja wakuu wengine, kikasahaulika.

"Na watoto wanaumwa?"

"Aa, matumbo ya kawaida, Mzee. Msimu wa mvua."

Hapo ni kama nilimwona yule binti wa maabara amesimama tena na kalamu yake. Nikamwambia Rehema asogeze kiti. Nikamweleza yote, uvuguvugu, ukungu, "ndiyo" yangu, na Jumapili zangu juu ya tangi. Nilipomaliza alikuwa ameshika nyanya moja, anaigeuza geuza.

"Mimi nilikuwa nakaa dawati moja na Faraja," akasema. Akauliza, "Na Mama Elia alijua?"

"Ndiye aliyechemsha."

"Alikuwa ananipa ukoko na mimi," akasema, akainamisha uso.

Alirudi akafanya nilichomwomba. Hakumwambia mtu, hakusafisha kitu. Alikwenda mwenyewe kuwaomba watu wa maabara waje siku yoyote wanayotaka bila kumtaarifu. Wakaja asubuhi ya mvua, watoto wakiwa kwenye foleni ya koki. Safari hii walipanda hadi chemchemini. Majibu yalitoka: maji yana vijidudu vya kinyesi, hayafai kunywewa bila kutibiwa.

Nikamwomba Rehema aitishe kikao cha wazazi, nikamwambia Neema anipeleke kijijini. Akagoma. "Baba, barabara ile itakuua."

"Basi nife nikiwa nakwenda, siyo nikiwa nimejificha kitandani."

Walinishusha garini, wakanikalisha kwenye kiti cha ofisini pale pale uwanjani. Wengi walikuwa watu wazima niliowafundisha. Nilisema kwa kupumzika pumzika, maana pumzi haifiki mbali. Nilisema maji yaliyopimwa siku ile yalikuwa ya sufuria yako. Nilisema mikono yako ilikuwa safi na kinywa changu ndicho kilichokuwa kichafu. Nilisema ugonjwa uliondoka kwa sababu ya dawa, siyo kwa sababu yako.

Baba Faraja alikuwa mstari wa mbele. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alisimama kwa shida, na vijana walipotaka kumsaidia akawakatalia.

"Mwalimu," akasema, "mwiko wa yule mama niliutupa mimi."

"Ninajua."

"Miaka yote nimekuwa nikipita pale jikoni nasema moyoni, nilifanya vizuri." Akaegemea fimbo yake. "Msamaha wa mwanangu sina leo. Usiningojee. Lakini nionyeshe kaburi la Mama Elia liko wapi."

Nilimwelekeza kwa Elia. Nilikuwa nimeshampigia Elia kabla ya kuja, nikamwambia kila kitu. Kisha akasema, "Mjomba, nitakaa na jambo hili kwanza," akakata. Hajanipigia tena, na ana haki. Lakini Baba Faraja alipompigia yeye, aliitikia. Wamekubaliana siku ya kukutana.

Kwa hiyo Baba Faraja anakuja Ubaruku, Dada. Mimi siwezi tena kusafiri mbali hivyo. Barua hii ataibeba yeye, na nimemwomba Elia akubali isomwe pale ulipolala, kwa sauti, waisikie na wale wanawake wa kinuni waliobaki. Mpokee. Amezoea kukuchukia, atakuwa hajui asimame vipi mbele yako.

Ujue pia kwamba bomba la chekechea limesimamishwa, na wenye vinyungu wamepewa mpaka juu ya chemchemi. Wengine wananung'unika, wananitaja kwa majina mabaya, nami nimeyastahili. Cheti kimeshushwa ukutani. Nilipokuwa ninarudishwa garini, mpishi wa sasa, binti mdogo tu, alikuwa amewasha moto, na watoto walikuwa wanapita na kuni begani, wengine wanaburuza. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Huu nao ni ukuni?" Gari likiondoka nikaangua kilio, Neema akadhani naumwa, akalisimamisha.

Jioni hii amenipa kikombe changu. Nimekunywa nusu, nyingine nimeiacha mezani, sijui kwa nini. Nahisi sitakawia. Sikuombi uniandalie chochote. Ukinipa maji nitayapokea kwa mikono miwili, na ukitaka kunikumbusha kwamba kuchemsha unajua, nikumbushe.

Ila nikifika, Dada, usiniite Mwalimu.

Mdogo wako